Watu Hawahesabiwi

Mukurweini, Jumapili alasiri

Kwako Nyawira, maitu,

Mama yako anapiga pasi sare zako huko ndani, na kila baada ya muda anapaza sauti kuuliza kama nimeshakuandikia kuhusu viatu, dawa ya kifua na wavulana. Sijaanza. Hayo atakwambia mwenyewe njiani, kwa maana kesho ni yeye atakayekupeleka mpaka Chuka. Mimi nitawasindikiza hadi steji tu, kisha nitaingia ofisini, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Sijui kama nitatoka huko nikiwa bado na kazi.

Usishtuke. Karo yako ya muhula huu imeshalipwa. Lakini kuna wasichana wa huku watakaokuwa nawe shuleni, na maneno yatakufikia. Wengine watasema baba yako ni raia mwema aliyesimamia haki, kama alivyosema mchungaji leo akinisimamisha mbele ya kanisa zima. Wengine watasema baba yako ni kijana wa kiburi aliyevuruga uchaguzi wa mradi wa maji. Wote watakuwa wamekosea. Nilitaka kulipiza kisasi. Nimekitaka tangu ulipokuwa gredi ya nne, jana nikakilipiza, na ningependa usikie kutoka kwangu jinsi kilivyolipizwa.

Bosi wangu anataka kesho asubuhi nimkabidhi kumbukumbu za mkutano wa jana zikisema kwamba uchaguzi ulivunjika kwa vurugu, ili urudiwe. Haukuvunjika. Mwenyekiti alishindwa. Nikiandika alivyoshindwa, huenda nikahamishwa au nikafukuzwa. Nikiandika vurugu, atarudi kwenye kiti chake.

Unajua kwa nini nakuita maitu, mama yangu. Msichana wa kwanza hubeba jina la mama wa baba yake, na tangu ulipobeba la cucu yako sikuweza tena kukuita mtoto tu. Kwa hiyo aliyemtukana cucu yako alimtukana mtu mwenye jina lako. Ndivyo ninavyoliona mimi, na sijali kama wengine wanaliona hivyo.

Huyo aliyemtukana sitaandika jina lake katika barua yako. Nitamwita Mwenyekiti, kwa kuwa hicho ndicho cheo alichonyang'anywa jana.

Mtaro wa maji kutoka msituni hadi huku kwetu upande wa Gakindu haukuchimbwa na serikali. Kila nyumba ilipimiwa kipande chake. Wanaume wengi walikuwa mijini kazini, kwa hiyo wanawake walichimba kwa ngwatio, leo wote kwenye kipande cha huyu, kesho wote kwenye kipande cha yule. Kipande cha cucu yako kilikuwa na mwamba. Babu yako alikuwa ameshafariki. Nilikuwa nikija mwishoni mwa wiki nakuta viganja vyake vimefungwa vitambaa, nikimwambia apumzike ananiuliza kama mwamba nao utapumzika.

Maji yalipofika, yalikwenda kwanza pale Mwenyekiti anapooshea magari kando ya lami. Sisi wengine tuliwekewa zamu, naye hakuwekewa. Katika mkutano wa mwaka cucu yako alisimama akauliza kwa nini. Swali lenyewe lilikuwa fupi. Mwenyekiti hakulijibu. Aliwageukia watu akasema, "Kwanza huyu mama ni wa nani? Mzee wake ako wapi akuje atuulizie?"

Watu walicheka, Nyawira. Wanawake waliochimba naye pia walicheka, wengine kwa mkono mdomoni.

Cucu yako hakuketi. Alisema, "Mzee wangu ako pale shambani chini ya udongo. Nenda ukamuulize. Lakini mtaro nilichimba mimi, kwa hivyo mimi unijibu."

Hakujibiwa. Siku ilipofika ya kuchagua kamati, aliinuka akagombea kiti chenyewe.

Huenda unaikumbuka siku hiyo, kwa sababu ulikuwa umenishika mkono na ulilia kwa sababu ya viatu vyako vilivyojaa matope. Ulikuwa ule mwezi wa Julai wa baridi na manyunyu. Kwetu huchagui kwa karatasi. Unajipanga nyuma ya mtu wako katika uwanja wa shule, jirani zako wakikuona. Wanawake walijipanga nyuma ya cucu yako wakasongamana, wawili wawili, watatu watatu, chini ya leso na miavuli michache, kama kuku waliolowa. Wanaume wa Mwenyekiti walisimama kila mmoja mbali na mwenzake, na wengine waliegemea pikipiki zao, pikipiki nazo zikiwa kwenye mstari. Mstari wake ulifika hadi kwenye lango la shule. Wa cucu yako haukuvuka mti uliotundikwa kengele ya shule.

Afisa aliyetoka ofisi ya serikali inayosimamia miradi ya maji, ambaye sasa ndiye bosi wangu, aliuliza, "Tuhesabu?"

Mwenyekiti akacheka. "Hesabu mbuzi, bwana afisa. Hapa kwetu watu hawahesabiwi."

Na hapo, maitu, ndipo niliposikia jambo ambalo limenikaa kifuani mpaka leo. Wanawake waliitikia. "Ni kweli. Watu hawahesabiwi." Cucu yako mwenyewe aliitikia. Unajua alivyo. Ukimuuliza ana wajukuu wangapi atakwambia Mungu amempa wa kutosha. Kumnyooshea mtu kidole na kumtaja namba, kwake na kwa wenzake, ni kumwonyesha kifo mlango wa nyumba. Mwenyekiti aliyajua hayo kwa sababu naye alilelewa hapa hapa, na mama yake alikuwa mtu wa aina hiyo hiyo. Alichukua jambo la heshima la wazee akalifanya fimbo ya kuwapigia.

Afisa alitazama mstari huu, akatazama ule, akasema, "Huu ndio mrefu." Basi. Tukaenda nyumbani.

Baada ya hapo bomba lilipasuka kwenye kona ya kwa cucu yako, na halikupatikana fundi. Mabomba mengine yalipasuka yakapata fundi. Cucu yako akarudi mtoni na mtungi wake mgongoni, na kwenye ule mteremko ndipo alipovunjika nyonga. Unaijua fimbo anayotembelea. Sasa unajua ilikotoka.

Nisikudanganye kwamba tangu hapo nilikuwa nikifikiria haki za wananchi. Nilikuwa nikifikiria uso wa Mwenyekiti. Nikipita pale kando ya lami na kuona povu likitiririka kutoka kwenye magari, nilikuwa nikiomba apatwe na jambo baya, kisha naona haya, kisha naomba tena. Mimi ni mtu mwoga. Unanijua, nakagua mlango mara mbili kabla ya kulala, na ofisini nasoma kila ninachoandika mpaka wenzangu wananicheka. Mtu mwoga akiwa na hasira hawezi kupiga. Anabaki nayo, na inakaa vizuri, haiozi.

Uchaguzi mwingine ulipokaribia niliamua nimwondoe kwenye kiti, lakini mwanzoni nilikosea njia. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikisimulia alivyofanyiwa mama yangu. Nilipewa pole na nikapewa chai. Mwishowe Mama Kim, yule jirani wa ng'ombe wa maziwa, alinikatiza. "Wewe kijana, kila mtu hapa ako na mama. Ukikuja kwangu, niulize mfereji yangu iko aje."

Nilikasirika, nikarudi nyumbani nikimlaani. Ilinichukua muda kukubali kwamba alikuwa amenipa dawa. Watu hawangesimama kwa ajili ya nyonga ya mama yangu. Wangesimama kwa ajili ya ndoo zao. Kwa hiyo nikaanza kuuliza habari za ndoo zao, na nilivyozidi kuuliza ndivyo nilivyogundua kwamba kila nyumba ilikuwa na kinyongo chake kama changu, kimefichwa nyuma ya pole na chai. Kila mmoja alijua. Kila mmoja alikuwa akingoja mwenzake aanze.

Kosa la pili lilikuwa kwa cucu yako. Nilimwendea na elimu yangu. Nikamwambia serikali huhesabu watu nchi nzima na hakuna anayekufa.

Akaniangalia. "Na waliokufa baadaye, ulienda kuwauliza walikufa na nini?"

"Mama, lakini—"

"Umesoma ukapitiliza, ukatokea upande ule mwingine. Toa hizo namba zako hapa."

Nilitoka. Na huko nje, wanawake walikuwa wamekuja kumlimia, kwa sababu tangu avunjike hawajamwacha. Unajua kwamba kila anayekuja ngwatio huja na jembe na kikombe chake, maana hakuna nyumba yenye vikombe vya watu wote hao. Vikombe vilikuwa vimepangwa kwenye nyasi karibu na jiko. Mama Kim alikuwa na zamu ya kupika chai. Nilimwona ameinama, akigusa kikombe kimoja kimoja kwa kidole, midomo ikicheza, kisha akaongeza maji kwenye sufuria.

Hakuwa amehesabu mtu hata mmoja, na kila mtu alikunywa.

Nilisimama pale mpaka akaniuliza kama nimeona nyoka.

Jana basi ndiyo ilikuwa siku ya kuchagua tena. Mgombea wetu alikuwa Mama Kim, kwa sababu cucu yako alisema nyonga moja inatosha. Mimi nilitumwa na ofisi kuandika kumbukumbu. Nilimwambia bosi kwamba mama yangu ni mwanachama wa mradi huo na huenda ikafaa atumwe mwingine. Alijibu, "Na nani hana mama? Wewe andika tu." Nakwambia hilo ili ujue nililisema.

Mkutano wa mwaka huwa na chai, kwa hiyo watu walikuja na vikombe vyao kama kawaida. Foleni zikapangwa. Safari hii kulikuwa na jua, lakini wanawake walisongamana vile vile, mazoea, na wa Mwenyekiti wakatawanyika vile vile, pamoja na vijana wa bodaboda ambao wengine sikuwa nimewahi kuwaona kwenye mtaro wowote. Bosi akakohoa, akanyoosha mkono kuelekea mstari mrefu. "Nadhani jambo liko wazi. Karani, andika."

Nilisema, "Bwana afisa, niandike idadi gani?"

"Andika mstari wa Mwenyekiti ni mrefu."

"Siwezi kuandika urefu. Kwenye kumbukumbu panatakiwa idadi."

Mwenyekiti akaja mbele akitabasamu. Alinishika bega. "Huyu kijana wetu amekaa sana ofisini. Kijana, hapa watu hawahesabiwi. Au hukufunzwa na mama yako?"

Nilikuwa nimengoja sentensi hiyo kwa miaka. Sauti yangu ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Nikasema, "Nilifunzwa. Hatutahesabu watu. Kila mtu aweke kikombe chake kwenye nyasi mbele ya mtu wake, tuhesabu vikombe."

Kisha cucu yako, aliyekuwa mbele kabisa kwenye kiti, akainuka na fimbo yake, akajikokota hatua zake, akainama kwa taabu na kuweka kikombe chake cha bati mbele ya Mama Kim. Wanawake nyuma yake wakaanza kumiminika.

Bosi alisema huo ni mchezo wa watoto. Mama mmoja akamjibu, "Basi tuache tucheze, si wewe utakunywa chai yetu?" Watu wakacheka, na safari hii kicheko kilikuwa cha upande wetu. Niliipenda sauti yake. Naipenda hata sasa ninapoandika.

Wale vijana wa bodaboda hawakuwa na vikombe. Wakavua helmeti zao wakaziweka mbele ya Mwenyekiti. Ungesikia makelele. "Wee! Ati helmeti! Hiyo unakunywa nayo chai?" "Mkono wake uko wapi?" "Mwekee sukari basi!" Wanawake walitaka zitupwe nje, na Mama Kim mwenyewe akanikazia macho nizikatae.

Nilisema zihesabiwe.

Utaambiwa huo ulikuwa uungwana. Haukuwa. Nilitaka ashindwe helmeti zikiwemo, ili usiku akilala asipate pa kujificha.

Bosi alihesabu mwenyewe, kwa sauti, akitembea kati ya safu mbili kama mtu anayekagua gwaride. Alipomaliza upande wetu akarudi mwanzo akahesabu tena. Vya Mama Kim vilizidi, na havikuzidi kwa vichache. Hakuna aliyempiga mtu. Hakuna aliyetupa jiwe. Kilichovunjika ni kikombe kimoja cha udongo, kilikanyagwa na mwenyewe akiruka kwa furaha. Hizo ndizo vurugu ninazotakiwa kuandika.

Kisha ikaja sehemu ambayo sijamwambia hata mama yako vizuri. Mtu alipiga kelele, "Mkatie maji!" Na wengine wakaitikia, "Kata! Kata!" mpaka uwanja mzima. Mama Kim, mwenyekiti wa dakika chache tu, akanigeukia. "Karani, inaruhusiwa?"

Nilimtazama yule mzee. Alikuwa amesimama peke yake. Wale wa helmeti walikuwa wameshaondoka. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na lingekuwa tamu sana mdomoni mwangu.

Nikasema, "Hairuhusiwi. Ni mwanachama. Awekwe kwenye zamu kama wengine."

Mchungaji alilisifu sana hilo leo. Alisema nimesamehe. Sijasamehe, maitu. Nilifikiria haraka na kwa makini, kama ninavyofikiria mambo yangu yote. Tukimkatia, atakuwa mzee aliyeonewa, na watu wa huku wana huruma nyepesi. Baada ya miezi michache wangempelekea maji kwa ndoo. Lakini akiwekwa kwenye zamu, ataamka asubuhi, atafungua mfereji asikie ukikohoa hewa, na atalazimika kujiuliza leo ni siku ya nani. Na ikiwa ni siku ya cucu yako, atangoja. Hakuna kipigo ambacho ningempiga kingempata kila wiki mpaka mwisho wa maisha yake. Hiki kitampata, na hatapata mtu wa kumlalamikia, kwa sababu ndivyo wanavyoishi watu wote.

Nikagundua, nikiwa nimesimama pale, kwamba utaratibu ule ule ambao nilidhani ni wa watu wapole ndio ulioniruhusu kuwa mkali kuliko nilivyowahi kuthubutu. Sijui kama hilo ni jambo jema la kumwambia mtoto wa miaka yako. Lakini ndilo nililojifunza, na sitakupa jingine lililopambwa. Huko uendako kutakuwa na foleni za chakula, za maji ya kuoga, na mtu mkubwa atakayesimama mbele bila kupanga foleni. Utajua. Wote mtajua. Sikwambii ufanye nini. Nakwambia tu kwamba ukikasirika si lazima ujione mtoto mbaya.

Baada ya mkutano bosi aliniita ndani ya gari. Hakunigombeza, na hilo liliniogopesha zaidi. Alisema yeye na Mwenyekiti wametoka mbali. Alisema kuna kituo huko kaskazini kinakosa karani, mahali ambapo mtu huona familia yake mara chache. Alisema ni neno moja tu, "vurugu", na mambo yote yatarudi mahali pake. "Wewe ni kijana mwangalifu," alisema. "Ndiyo maana ninakupenda."

Nilimsimulia mama yako jana jioni. Alikuwa akichambua mboga. Akasema, "Umeshamshinda mbele ya watu. Cucu ameona. Mwandikie huyo mtu anachotaka, uchaguzi urudiwe, mmshinde tena."

Nikamwambia mara ya pili atakuja na lori zima la vikombe.

Hakucheka. Akasema, "Basi niambie tu kama nianze kutafuta kazi ya kushona." Ana haki ya kuuliza. Kama ulifikiri baba yako hana hofu, angalia mwandiko huu.

Lakini nimejaribu kuliandika lile neno. Nilikaa mezani baada ya kanisa, nikajaribu, nione mkono utasemaje. Nilimwona Mwenyekiti akirudi kwenye kiti, akiwageukia watu, akiuliza mama fulani ni wa nani. Safari hii huenda awe Mama Kim. Safari nyingine huenda uwe wewe, ukirudi hapa mtu mzima na swali lako fupi. Sikuweza.

Kwa hiyo kesho, mkishapanda gari, nitaingia ofisini kwa bosi na kuweka karatasi mezani kwake. Ataniuliza kama nimefikiria vizuri, nami nitasema ndiyo, nimefikiria kwa miaka. Kisha nitamsomea idadi aliyoihesabu mwenyewe, mara mbili, kwa mdomo wake, helmeti zikiwemo.

Baba yako